Walioletwa Mbio

Nilistaafu mwezi uliopita, na wauguzi wa hospitali ya Hombo wamelalamika kwamba hotuba niliyoitoa siku ya kuagwa ilikuwa fupi mno. Ni kweli. Nilisema ahsanteni, nikala sambusa, nikaondoka. Mmoja wao, kijana aliyesomea Dar es Salaam na kurudi na Kiswahili kizuri kuliko changu, alinifuata nyumbani akaniomba niandike niliyoyaona. Hakutaka habari za vyeti wala za mashine. Alitaka kujua mtu anawezaje kufanya kazi ile miaka mingi na bado akabaki mtu. Naandika kwa Kiswahili kwa ajili yake, na kwa sababu nilizaliwa Unguja kwa wazazi Wangazidja wa Komoro, na tuliporudi Moroni nilikuwa nimekwisha kujua kusoma kwa lugha hii. Kifaransa nilikitumia kuandikia dawa. Kingazidja nilikitumia kugombana. Kiswahili ndicho ninachokitumia kufikiria nikiwa peke yangu.

Nilianza kazi katika chumba cha dharura mjini Moroni mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mamluki walikuwa wamekwisha kushuka ufukwe wa Itsandra na kuipindua serikali, na sasa wao ndio waliokuwa wakiongoza kikosi cha kumlinda rais. Walikuwa Wazungu wenye majina ya kubuni, na chini yao vijana wetu wenyewe waliovaa nguo nyeusi. Lori lao lilipopita, mtu alishusha sauti hata kama alikuwa akizungumzia mvua.

Chumba chetu kilikuwa kirefu, chenye mlango wa barabarani na mlango wa uani. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, tukiyachemsha. Shashi tuliikata na kuikunja wenyewe asubuhi kabla wagonjwa hawajaanza kuletwa. Glavu hatukuzitupa. Tulizifua, tukazianika kwenye kamba uani, tukazipaka poda zisigandane. Zikijaa upepo zilisimama vidole vyote, na wageni wengi walizipungia mkono wakidhani wanasalimiwa. Mkasi wangu niliufunga kiunoni kwa utepe, maana mkasi uliowekwa mezani haukurudi tena duniani.

Aliyenifunza kazi alikuwa muuguzi mkuu wa chumba, Fundi Abasi. Fundi kwetu ni mwalimu, na yeye alikuwa mwalimu kweli: mtu mwembamba, kofia imemkaa sawasawa, sauti ndogo. Alijifunza uuguzi Majunga, kule Bukini, ndiyo Madagaska, akaishi huko mpaka Wakomoro walipouawa mitaani na waliosalia wakarudishwa kwa ndege. Ndugu yake mkubwa alibaki kule kaburini. Hayo niliyajua baadaye. Siku ya kwanza nilijua tu kwamba hapendi mtu anayekimbia ndani ya chumba. Alisema mgonjwa akimwona muuguzi anakimbia anajua anakufa, hata kama amekuja na mwiba.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mwashi. Alianguka kutoka juu ya nyumba aliyokuwa akimjengea binti mmoja wa mtaa wa Badjanani, kwa kuwa kwetu nyumba ni ya mwanamke, na harusi kubwa ilikuwa karibu. Mfupa wa muundi ulikuwa umetoka nje. Nilidhani nitapewa kazi ya kusafisha jeraha, niliyoisomea. Fundi Abasi aliniweka kichwani pa mgonjwa akaniambia nimuulize juu ya nyumba. Nikamuuliza ina vyumba vingapi na madirisha yanatazama wapi. Alijibu akisaga meno. Alipofika kwenye maelezo ya ngazi, mguu ulikuwa umekwisha kunyooshwa. Nilialikwa kwenye harusi ile, na mwashi mwenyewe, akichechemea, alinipandisha kunionyesha ngazi zake. Alinilaumu kwamba siku ile nilimfanya aeleze kitu ambacho hakikuwa kimejengwa bado.

Nimeanza na mwashi makusudi. Wengi wanaotoka katika chumba kile hutoka wakiwa hai, na anayekuja kufanya kazi yetu akikumbuka waliokufa tu anajidhulumu na anawadhulumu waliopona.

Sasa niseme habari ya lori.

Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha kupanda. Lori la kikosi lililotoka upande wa Itsandra liligongana na gari la abiria lililojaa wanawake wanaokwenda harusini. Majeruhi waliletwa pamoja, wengine kwenye magari ya watu, wengine kwenye lile lori lenyewe. Wanawake walikuwa wamevaa shiromani, zile nguo za kujitanda, na kujipaka msindzano, ile liwa ya manjano wanayojipamba nayo usoni, na ilibidi tuifute kwa shashi ili tuone nani amepauka na nani hajapauka. Chumba kizima kilinukia msandali na damu.

Fundi Abasi alipita kati yao polepole, akigusa mikono na matumbo, na kila alipopita alituonyesha kwa kidole: huyu kwanza, huyu angoje, huyu pembeni. Aliyemweka wa kwanza alikuwa mwanamke wa makamo asiyekuwa na jeraha lolote la kuonekana. Tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Daktari wa upasuaji alikuwa amekwisha kuitwa na kitanda chake cha kupasulia kilikuwa kimoja tu.

Hapo ndipo Mzungu wa lile lori alipoingia. Watu walimwita Kapteni, na jina jingine hatukulijua. Alikuwa na bunduki begani na vumbi usoni, na nyuma yake askari wawili walimbeba mwenzao aliyevunjika mkono, kijana wa watu, akilia kwa sauti. Kapteni alisema mtu wake ataingia kwa daktari kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisema ni mtu wa serikali, na kwamba hatarudia maneno yake.

Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya maji ya mshipa juu ya kichwa cha yule mwanamke, nikaiinua juu zaidi maji yasisimame.

Fundi Abasi hakupandisha sauti. Alimwambia kwa Kifaransa: "Kapteni, kijana wako analia. Anayelia bado ana nguvu. Mama huyu amenyamaza."

Kapteni alimwambia hakuja kufundishwa.

"Basi usifundishwe," Fundi Abasi alisema. "Weka vidole vyako viwili hapa. Utafute mpigo wake, ukiupata mtu wako aingie."

Sijui kwa nini alikubali. Labda alikuwa amewahi kuona watu wakifa hivyo hivyo mahali pengine, wakiwa kimya. Aliweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa yule mwanamke, akavisogeza, akavisogeza tena. Kisha akaondoa mkono na kurudi nyuma hatua moja, na kitanda cha mwanamke kikapita mbele yake kuelekea chumba cha upasuaji.

Tulihitaji damu, na akiba hatukuwa nayo. Siku hizo damu ilitoka kwa ndugu, na ndugu wa mama yule walikuwa wamelala kwenye vitanda vya jirani. Fundi Abasi aliwageukia askari akawasemesha kwa Kingazidja. Alijua kwamba kwenye vitambulisho vyao wameandikiwa kundi la damu. Aliuliza nani ana damu ya kundi O, inayoweza kupewa mtu yeyote. Walitazamana, wakamtazama Kapteni, na Kapteni akatazama dirishani. Kisha askari mmoja, mrefu, akavua bunduki akampa mwenzake na kukunja mkono wa shati. Alisema, "Mama yangu naye amekwenda harusini leo." Nilimtoa damu mimi mwenyewe. Alitaka kujua kama itaumiza, nikamwambia itaumiza kidogo, akageuza uso ukutani kama mtoto anayechomwa sindano ya shule.

Mwanamke yule alipona. Ninaposema nilijivunia kazi yangu, siku ile huwa naitaja ya kwanza.

Lakini alikuwa amekuja na binti yake. Mtoto huyo aliitwa Salima, alikuwa wa umri wa kuanza shule, na alikuwa na mchubuko mdogo kwenye paji la uso. Nilikabidhiwa yeye baada ya mama yake kuingizwa. Alizungumza vizuri. Aliniuliza nani amechukua kiatu chake. Aliniimbia wimbo watakaouimba kwa bibi harusi. Kisha akasema ana usingizi, na mboni ya jicho lake moja ikaanza kupanuka. Nikamwita Fundi Abasi, akaja bila kukimbia, akatazama, na nikaona uso wake. Mtoto alikuwa anavuja damu ndani ya kichwa. Hatukuwa na chombo cha kuonea ndani ya kichwa wala mtu wa kukifungua katika visiwa vyote. Tulifanya tulichokuwa nacho. Alifia mikononi mwangu kabla ya adhana ya adhuhuri.

Kapteni na watu wake walipokwisha kuondoka, Fundi Abasi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akaomba maji ya kunywa. Alisema, "Mke wangu asijue habari ya Kapteni." Kwa siku nyingi baada ya hapo, kila lori lilipopunguza mwendo mbele ya hospitali, sote tulitazama mlango. Hakuna aliyemjia. Nadhani zaidi ya yote hilo ndilo lililomchosha, kungoja kitu ambacho hakikuja.

Mama yake Salima alipopata fahamu aliuliza mtoto yuko wapi. Ndugu zake walimwambia yuko nyumbani. Fundi Abasi alisema haifai aendelee kudanganywa, na kwamba wa kumwambia ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mtoto. Nilimwomba aende yeye. Alisema tutakwenda sote, lakini nitasema mimi.

"Sema amefariki," aliniambia ukumbini. "Usiseme amelala, usiseme amekwenda. Ukisema hivyo kesho ataniuliza mimi atarudi lini."

Nikasema. Mama yule hakupiga kelele. Alinishika mkono, akaniuliza kama mtoto alikuwa peke yake. Nikamwambia hapana, nilikuwa naye, na kwamba aliniimbia. Akataka nimwambie wimbo gani. Nikamwambia.

Baada ya siku hizo nilifanya kazi vizuri. Nawaambieni hili mlijue: mtu anaweza kuwa ameumia na mikono yake ikafanya kazi vizuri kabisa, na ndiyo maana hakuna anayegundua. Kilichonitokea ni kwamba sikuweza tena kuvumilia harufu ya msindzano. Katika mji wa Moroni, ambako mwaka mzima ni harusi, hilo si jambo dogo. Nikisikia harufu ile moyo ulinienda mbio, jasho likanitoka, nikatafuta mlango. Kwenye harusi ya dada yangu mwenyewe nilikaa jikoni na masufuria siku nzima. Mama alinifuata kule akaniambia watu wanauliza kama nimegombana na ndugu zangu. Nikamwambia ninasaidia kupika. Mama alijua jinsi ninavyopika. Hakuamini.

Aliyegundua zaidi ni Fundi Abasi, kwa sababu nilianza kuomba zamu za siku za harusi. Aliniita uani, penye kamba ya glavu. Hakuniuliza chochote. Alinieleza ya kwake. Alisema baada ya Majunga hakuweza kusimama katikati ya watu wengi. Ijumaa alikwenda msikitini akafika mlangoni, na aliposikia ngurumo ya watu wakiinuka pamoja, miguu ilimrudisha nyumbani. Alikuwa akiswali adhuhuri chumbani kwake, mtu mzima, fundi, na kumwambia mkewe kwamba ana mafua. Mkewe alisubiri mafua yaishe mpaka akachoka, akamkalisha chini akamwambia amweleze jinsi kaka yake alivyokufa, tangu mwanzo mpaka mwisho. Alimweleza. Ijumaa iliyofuata mkewe akamwambia amweleze tena. Aliendelea kumsikiliza hivyo hivyo, Ijumaa kwa Ijumaa, habari ile ile, mpaka siku moja Fundi Abasi akaweza kuimaliza swala ya Ijumaa msikitini akiwa amekaa safu ya nyuma karibu na mlango.

"Mimi nilikuwa na mke wangu," alisema. "Wewe una nani?"

Mume sikuwa naye bado, na mama singeweza kumtwika.

Basi tulianza kukaa pale uani kila zamu ya mchana ilipokwisha, wauguzi, mbeba machela, na daktari akipata nafasi. Kulikuwa na chai ya mchaichai. Sheria aliiweka Fundi Abasi: unamtaja mtu aliyekulemea leo, unasema mikono yako ilimfanyia nini, na wengine wananyamaza. Hakuna kushauri, hakuna kusema ni kazi ya Mungu, kwa sababu hilo sote tunalijua. Mwanzoni wengine walicheka. Mbeba machela alisema yeye analemewa na wagonjwa wanene tu. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika.

Nilimtaja Salima mara nyingi. Sitasema harufu ile ilinitoka kabisa. Lakini mwaka nilioolewa mimi, nilipakwa msindzano na wakwe zangu, nikakaa nao uso wote wa manjano mpaka jioni. Mama alilia, watu wakadhani ni furaha ya kuniozesha.

Nilihamishiwa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, kwenye hospitali ya Hombo, kabla mamluki hawajaondoka visiwani. Walipoondoka mwishoni mwa mwaka wa themanini na tisa nilisikia kwa redio, nimeshika mguu wa mtu aliyekanyaga msumari, tukasikiliza pamoja mpaka mwisho ndipo nikamfunga bandeji. Wandzuani walinicheka Kingazidja changu kwa miaka, na bado wanacheka. Hilo liliwafanya wagonjwa wengi wasahau maumivu, kwa hiyo sikujitahidi sana kujirekebisha.

Nilifika na desturi ya uani. Ya Hombo tuliifanyia kwenye ngazi za nyuma. Mtu aliyeikataa kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Atumani, dereva wa gari la wagonjwa, mwenyeji wa Mirontsy, mji wa jirani. Alikuwa mtu wa mabega mapana na maneno machache, aliyejua kila shimo la barabara. Alisema kazi yake ni usukani, yaliyo nyuma ya gari si yake.

Siku moja aliitwa bandarini. Mpakuaji alikuwa ameangukiwa na furushi la mabati. Atumani alipofika alimkuta ni Bakari, aliyekua naye Mirontsy wakichezea mpira mmoja. Alimpakia, akaondoka naye. Bakari alifariki kabla hawajafika kwetu.

Kesho yake Atumani alisimama kando ya gari, ufunguo mkononi, akashindwa kuingia. Alisimama pale mpaka watu wakaanza kumtazama. Siku iliyofuata ikawa vile vile. Mkuu wetu, aliyekuwa mtu wa haki lakini alihitaji dereva, alisema ahamishiwe kwenye bustani. Nilimwomba amwache kwangu kwa muda na atafute wa kumshikia usukani. Alinitazama sana, akakubali.

Kila asubuhi nilimpeleka Atumani garini. Nilikaa upande wa abiria, yeye nje. Siku chache zikapita akakaa kwenye kiti chake, mlango wazi, mguu mmoja chini. Sikumuuliza. Nilileta chai. Watu wa Hombo walisema Mngazidja ameingia wazimu, anakunywa chai kwenye gari lisilokwenda.

Asubuhi moja akasema, akitazama usukani, "Aliniambia nipunguze mwendo. Alisema anaumia. Nikapunguza."

Hapo nikaelewa alichokuwa amekibeba. Nilijua jibu la kitabuni, kwa sababu daktari alikuwa amekwisha kutueleza: nyonga ilikuwa imesagika, na hata kama ajali ingetokea mlangoni petu asingepona. Nilimwambia hayo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuambiwa.

Nikamwambia, "Atumani, mtu wa mwisho aliyeombwa kitu na Bakari ni wewe. Na ulimpa."

Aliinamisha kichwa juu ya usukani, honi ikalia, na mabega yale yakatikisika. Honi iliendelea kulia. Watu wakatoka nje, nikawaashiria warudi ndani.

Haikuwa dawa ya siku ile. Aliendelea kukaa tu garini. Kisha siku ya soko akaja mtu mbio kutoka Mirontsy kusema kuna mwanamke uchungu umemshika tangu jana na mtoto hatoki. Dereva wa kushikilia alikuwa amekwenda kula. Nilikuwa bado nasema aitwe, nikasikia mlango wa gari ukifungwa. Atumani alikuwa ndani, mlango umefungwa, miguu yote miwili ndani. Nikaingia nyuma na mfuko wangu.

Alikwenda vizuri. Penye mashimo alipunguza, penye lami aliongeza, na tulipomchukua yule mwanamke alimuuliza kwa sauti ya chini kama mwendo unamfaa. Mwanamke alipasuliwa siku ile ile, akapata mtoto wa kiume mwenye hasira nyingi. Alasiri Atumani aliliosha gari ndani na nje, akaja kwenye ngazi za nyuma, akakaa. Alitusimulia habari ya Bakari tangu mpira wao wa utotoni mpaka barabara ya bandarini, na hakuna aliyemkatiza. Mwadhini alipoadhini tulinyanyuka sote.

Asubuhi iliyofuata nilifika kazini mapema, nikamkuta amekwisha kuwasha injini. Aliteremsha kioo akaniuliza leo tunaanzia wapi.